Samaki Aliyemuuma Beldina

Beldina aliuza ngege, samaki wa ziwani, sokoni Pap Onditi miaka kumi na minane kabla ya kuja Milimani kusafisha kliniki ya meno ya Daktari Kageha. Mimi ndiye mtunza bustani hapo. Si mtu wa maneno, lakini habari ya Alhamisi ile imenishinda kuinyamazia.

Chumba cha kungojea kina tangi la kioo lenye samaki sita kutoka Mombasa: buluu, tumbo manjano, kila mmoja urefu wa kidole. Kwao baharini huishi kwenye matumbawe. Maji ya ziwa letu yangewaua, kwa hiyo Beldina huwachanganyia chumvi yao maalum.

Wiki hiyo mmoja aliharibika tabia. Alikataa chakula, akawararua wenzake mapezi, akamuuma Beldina mkono. Daktari akaamuru atolewe. Dereva wetu, Wechuli, akaja na ndoo na wavu.

"Mama, huyu hata ukimkaanga hajazi kijiko. Nampeleka ziwani ajitafutie."

"Atakufa kabla hujageuza gari!" Beldina akamzuia. "Ngoja. Ngege akikataa kula, ana mayai mdomoni. Huyu ni mama."

Tukainama. Samaki akaachama kama anayetutukana. Mdomo mtupu.

"Mayai yako wapi, Mama Ngege?" Wechuli akacheka, akatumbukiza wavu.

Samaki akaushambulia, kisha akarudi mbio chini ya gae la chungu lililolala ndani ya tangi, akitikisa mkia kama mtu anayepepea jiko. Mara ya pili, vilevile.

"Chini ya gae," nikasema.

Wakanigeukia kana kwamba ukuta umesema. Nikakimbia nje, nikafungua kioo cha kutazamia nyuma cha baiskeli yangu, nikakiosha. Beldina akakizamisha kando ya gae, akachungulia chini yake.

"Yawa! Yawa!"

Mayai mamia, madogo kuliko punje za wimbi, yameng'ang'ania gae, na kila moja lina vijicho viwili.

"Yanatuangalia!"

"Sasa huyu mwingine ni nani?" Wechuli akauliza, akimwelekezea kidole samaki mnene aliyekuwa akila pembeni kwa raha.

Beldina akapiga kofi. "Huyo! Juzi nilimwona akiingia hapo chini na tumbo lake kubwa, nikadhani anajificha. Huyo ndiye mama. Huyu mkali ni baba! Baba mwenyewe ndiye analala njaa!"

Daktari akatoka na glavu, mgonjwa wake nyuma na pamba mdomoni, wakagombania kioo.

Ndoo ilipata kazi. Tuliijaza maji ya chumvi, Wechuli akawahamishia humo wale watano, mmoja mmoja, wasije wakala mayai, huku akimwambia aliyebaki, "Pole, baba. Sikujua una familia."