Buluu ya Skrini Mpya

Kabla gesi haijapatikana, sisi watu wa Palma hatukuwa na haja kubwa ya nyuso zetu. Tulijuana. Mtu alipiga picha akioa au akitafuta kitambulisho, basi. Zikaja habari kwamba chini ya bahari yetu kumelala gesi ya kupikia dunia nzima, na ghafla kila mwenye miguu akataka picha ndogo nne za kubandika kwenye maombi ya kazi, nyuma yake kuwe kweupe pe. Mimi nilikuwa na kibanda cha picha na fotokopi kinachotazama ghuba ya Tungue. Nikawa mtu muhimu, na sikuona haya kuuonyesha umuhimu wenyewe.

Skrini yangu ya zamani ya kompyuta ilikuwa na kisogo kirefu, na ndani ya kisogo hicho mijusi walizaa na kulea. Nikaenda Mocímboa da Praia kununua skrini bapa. Dukani, si mbali na bandari, zilipangwa tano ukutani, zote zikionyesha kasuku yule yule. Mtu mwenye akili angekuja na picha yake mwenyewe, uso wa mtu anayemjua, aifungue kwenye kila skrini alinganishe. Angesogea ubavuni aone kama rangi zinageuka. Angetazama penye kivuli aone kama mna kitu au ni weusi mtupu. Mimi nilichagua kama ninavyochagua kanga: nilirudi nyuma hatua tatu, nikatazama ipi inapiga kelele kuliko wenzake.

"Mana, dada yangu, hii ndiyo yenyewe," akasema muuzaji. "Brilho, mwangaza wake, mia kwa mia. Kasuku huyo karibu aruke."

"Na ile ya mwisho, iliyotulia?"

"Ile ya watu wa ofisini."

Nikaona kama amenitukana kidogo. Nikachukua ya kasuku wa kuruka.

Kibandani, mwanga wa bahari uliingia dirishani na kuipiga skrini usoni. Kugeuza meza kungetosha. Mimi nikapandisha mwangaza hadi ukagota. Kisha nikaingia kwenye rangi, nikakuta chaguo tatu: joto, kawaida, baridi. Nilipobonyeza baridi, nyeupe yote iling'aa na kuingia ubuluu kwa mbali, na hapo moyo wangu ukatulia, kwa sababu weupe ule niliujua tangu utotoni. Mama yangu alifua kanzu za baba maisha yake yote, na maji ya mwisho aliyatia buluu ya kufulia, kidogo tu, ili kanzu ya Ijumaa iwe nyeupe kupita nyeupe. Nyumbani kwetu, nyeupe isiyo na buluu ilikuwa nyeupe ya mvivu. Basi nikaiacha skrini kwenye baridi na kichwa kikanivimba.

Kwenye skrini wateja wangu walipendeza kama maharusi. Kwenye karatasi walitoka weusi na manjano, kwa kuwa nilikuwa nawapunguzia mwanga ambao haukuwa wao na kuwaongezea joto ambalo hawakulikosa. Mwalimu mmoja aliitazama picha yake akaniuliza kama nilimpiga au nilimkaanga. Nikalaumu printa, nikalaumu wino, nikalaumu umeme. Nusu ya mtaa iliomba kazi kwenye gesi ikiwa na sura ya mgonjwa wa homa ya manjano. Wengi hawakuajiriwa, lakini siwezi kujitwalia sifa hiyo: hata waliopiga picha kwingine hawakuajiriwa.

Kisha ikaja habari ya makaburi. Kijiji alikozikwa baba kilikuwa ndani ya eneo litakalozungushiwa ua wa mradi, na maiti walikuwa wahamishiwe makaburi mapya. Makaburi yetu ya zamani hayaandikwi majina. Kila nyumba inajua mawe yake. La baba lilikuwa na kigae cha bakuli lake la uji, bakuli la buluu, alichokibandika mama kwa chokaa kwenye jiwe la kichwani. Afisa wa mradi, kijana mpole mwenye kofia ngumu, alikuja nyumbani na karatasi ya kujaza. Kila kaburi limepigwa picha na kupewa namba, alisema, na sisi tuonyeshe la kwetu.

"Nipelekeni nkalishike jiwe," mama akasema. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, lakini vidole vyake vilikuwa vizima.

"Gari lipo kesho, mama," akasema kijana.

Nikaingilia mimi. Ya nini kumhangaisha mtu mzima juani? Mimi nina skrini inayoonyesha hata mguu wa sisimizi. Waje kibandani.

Wakaja. Nikampa mama kiti, nikazinakili picha za afisa kwenye kompyuta yangu, nikazifungua moja moja. Mawe meupe, mchanga mweupe, jua la saa sita. Kwenye namba kumi na saba ncha ya jiwe iling'aa kibuluu.

"Kigae kipo?" mama akauliza, uso kaugeuzia kwenye mwangaza.

"Kipo, mama."

"Wakiona vizuri?"

"Nakiona kama ninavyokuona wewe."

Akatia dole gumba kwenye karatasi. Siku ya kuhamisha, wanawake hatukwenda, na wanaume waliokwenda walifuata namba. Mawe ya zamani yaliachwa kule kule.

Tangu hapo, kila Ijumaa asubuhi nilimpeleka mama makaburi mapya. Alisoma dua, kisha alimsimulia baba habari za wiki, nani kaoa, nani kahamishwa. Mwishoni hakukosa kumtaja jirani yetu wa zamani, mtu wa peke yake, asiye na mtoto wala ndugu, aliyegombana na baba kwa sababu ya mnazi wetu uliopinda na kudondosha nazi uani kwake. Hakuja hata mazikoni kwa baba. Naye alipokufa, wakamzika ubavuni mwa baba. "Na yule mtu wako wa mnazi," mama alisema kila mara, "Mungu amrehemu, mimi bado." Nilikuwa nacheka.

Siku moja, kwa kuchoshwa na malalamiko, nilishika karatasi tupu nikaiweka ubavuni mwa skrini. Karatasi ilikuwa nyeupe. Skrini ilikuwa maji ya kufulia. Nikageuza meza, nikaondoa baridi, nikashusha mwangaza hadi chini ya nusu, mpaka nyeupe ya skrini ikafanana na ya karatasi. Mwanzo kila kitu kilionekana kama kimemwagiwa chai, lakini baada ya muda macho yakazoea. Nikachapisha picha moja, ikatoka kama mtu alivyo. Kwa furaha nikaanza kufungua picha za zamani nione zilivyokuwa hasa, na ndipo nikafungua za makaburi.

Namba kumi na saba lilikuwa jiwe jeupe tu. Ubuluu ule haukuwako. Kwenye namba kumi na nane, pale mwangaza wangu ulipokuwa umeunguza kila kitu, kulikuwa na kigae kidogo cha buluu iliyoiva, kimekaa mahali pake. Basi kumi na saba lilikuwa la jirani aliyezikwa ubavuni mwake. Mama alikuwa akimsema mtu wa mnazi usoni pake, Ijumaa baada ya Ijumaa, na baba, ambaye hakuna aliyemdai, alikuwa amezikwa mstari wa mwisho, wa wasio na wenyewe.

Nilikaa kimya Ijumaa mbili, kwa woga na kwa aibu. Ya tatu nikamwambia pale pale, kabla hajaanza dua. Sikutaja printa wala umeme. Nilisema nilidanganywa na skrini niliyoipangia rangi mwenyewe, na kwamba ningemwacha akalishike jiwe haya yasingetokea.

Hakunipigia kelele. Alikielekea kiguzo cha saruji kichwani mwa kaburi akamwambia mtu wa mnazi, "Basi ulishanisikia yote." Kisha akaninyooshea mkono nimwinue. "Nipeleke kwa baba yako."

Kwenye mstari wa mwisho, penye namba kumi na nane, alikaa muda mrefu akipapasa saruji isiyo na kigae. Nililia, yeye hakulia.

Kesho yake alikuja kibandani akiongozwa na mtoto wa jirani, na mkononi ana kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na kipande kilichobaki cha lile bakuli. Alikuwa amekiweka sandukuni miaka yote ile.

"Rangi gani hii?" akaniuliza.

"Buluu, mama."

"Una hakika?"

Nikakichukua, nikatoka nacho nje juani, nikakitazama vizuri, ndipo nikarudi kumjibu.