Awiti na Kitu Kilichofichwa Chini ya Ubao

Mmenisumbua sana na habari za Awiti. Kila anayepita hapa mlangoni anataka iandikwe, utadhani kuandika ni kumenya viazi. Herufi zangu zinaegemeana kama walevi, na miwani imebaki na kioo kimoja. Lakini nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya. Huyu anasema ulikuwa uchawi, yule anasema alichungulia. Hakuchungulia! Basi shikeni, na mtu asinikatize.

Awiti anakaa mtaa wa Sarang'ombe na huuza maharagwe pale soko la Toi. Shule aliiachia darasa la tatu. Jina lake huliandika polepole, ulimi ukiwa nje, na akimaliza hulitazama kama mtu aliyetoka kuparamia ukuta. Hata hivyo kila Jumamosi asubuhi huvuka barabara ya Ngong na mbao mbili kichwani na mfuko wa gololi mkononi, akatembea mpaka Kawangware kuwafundisha watoto wa watu fizikia.

Ndiyo, fizikia. Cheka umalize, tuendelee.

Kabla ya maharagwe alifagia maabara ya chuo kimoja hapa mjini kwa miaka kumi na tisa. Siku moja alikuta gololi zimetapakaa chini ya meza, zile zile ambazo watoto huziita bano, akamuuliza mhadhiri mmoja, Kagiri, "Daktari, watu wazima wanacheza bano humu?"

Kagiri hakucheka. Alimwonyesha ubao uliowekwa juu ya matofali, na chini yake kitu kimefichwa. Akamwambia aviringishe gololi, atazame zinatokea wapi, kisha aseme kuna nini pale chini. Wanafunzi walikuwa wamebishana saa nzima. Awiti aliviringisha ishirini hivi akasema, "Ni kitu cha pembe tatu, na ncha yake inanitazama mimi." Ilikuwa hivyo.

Tangu siku hiyo Kagiri alimweleza mengi. Kwamba ndani ya kila kitu kuna vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona kamwe, hata ukivaa miwani kumi. Kwamba wataalamu hurusha chembe kwenye kitu, wakatazama zilivyotawanyika, na kwa huko kutawanyika wakajua kilichomo. Kwamba Ulaya wamechimba njia ya mviringo chini ya ardhi, ndefu hivi kwamba ukiizunguka kwa miguu utaondoka baada ya chai na kurudi ulipoanzia jua likizama. Humo chembe husukumwa kwa umeme na kuongozwa kwa sumaku mpaka mbio zake hazina mfano, ndipo zigonganishwe.

"Kumbe ni bambo," Awiti akasema. Baba yake alikuwa muuza nafaka, na bambo ni kile chuma unachochomeka guniani kujua katikati kuna maharagwe au kuna mawe. "Hufungui gunia. Unachoma, unatazama kinachotoka."

Kagiri akasema, "Mama Awiti, hilo nitawaambia wanafunzi kesho."

Awiti alipopunguzwa kazini hakuomba chochote ila zile mbao zilizokuwa zinatupwa, na gololi.

Sasa, ukumbi anaofundishia huko Kawangware ni wa mzee Gerishon Mbuthia. Ni wa mabati, nyuma ya maduka yake, ukielekea Riruta Satellite. Alikubali Awiti autumie Jumamosi kwa sababu mpangaji wake mmoja, Mercyline, mshonaji mwenye watoto watatu na mdomo wa watu sita, alimsumbua mpaka akachoka. Watoto wakaanza kujaa. Halafu mmoja akaenda nyumbani akasema wanagonga kiini cha atomu.

Jumamosi iliyofuata mzee Mbuthia alikuwa mlangoni na kufuli mpya. Wazazi wamesimama, watoto wamesimama, na Awiti anafika na mbao zake kichwani.

"Nyuklia kwenye ploti yangu?" mzee akasema. "Mnataka nilipuke na wapangaji wangu wote?"

"Mzee, hiki kinacholipuka humu ni choo chako tu," Mercyline akasema, na watu wakaangua kicheko.

Mzee hakucheka. "Nimeuliza huko chuoni. Huyu mama hakuwa mwalimu. Alikuwa anafagia. Ukumbi nawapa walimu wenye vyeti, wanaanza wiki ijayo. Mama, rudi Toi ukauze maharagwe."

Awiti alitua mbao. Shingo ilikuwa inamuuma, lakini hakuishika, asije mtu akadhani ameinama.

"Nilifagia, ni kweli," alisema. "Na nilifagia vizuri. Sasa wewe, mzee, ingia ndani peke yako. Chukua kitu chochote ukipendacho, ukipigilie kwenye ubao wa chini kisihame. Funika na ubao wa juu. Nisipokwambia ni nini, funga kufuli lako. Nikikwambia, Jumamosi ni yangu."

"Chochote?"

"Hata meno yako."

Mbele ya watu wote, mzee angekataaje? Aliingia na nyundo. Wakasikia ko, ko, ko. Alipofungua mlango, ubao wa juu ulikuwa umekaa juu ya matofali manne, na leso imening'inizwa pande zote, ikaachwa nafasi ya gololi kupita tu. Uso wa mzee ulikuwa wa mtu aliyemeza utamu.

"Na huenda nimepiga nyundo bure," alisema. "Huenda hakuna kitu. Sema tu."

Awiti akapiga magoti. Akategesha kipande cha gata, ule mfereji wa kukinga maji ya mvua, kichwa chake kikiwa juu ya mkebe. Gololi hushuka humo na kuchukua mbio. Ya kwanza ikapita moja kwa moja, ikatokea upande wa pili. Mercyline akachora mstari wa chaki. Awiti akasogeza gata upana wa kiganja. Ya pili ikapita. Ya tatu. Ya nane ikapinda kidogo, watoto wakashangilia, lakini Awiti akatikisa kichwa.

"Hiyo ni pole mno. Imepotoshwa na vumbi." Akapandisha gata juu ya mikebe miwili. "Ikienda pole, kila uchafu unaivuta. Ikienda mbio, inayoweza kuigeuza ni kitu chenyewe. Ndiyo maana wale wa Ulaya wanahangaika na mbio."

Akairudia ile ya nane. Ikapita imenyooka kama uzi. Kumi na mbili zikapita, ubao ukaisha.

"Sema hakuna kitu, shosh, twende nyumbani," baba mmoja akasema kutoka nyuma, kana kwamba Awiti ni nyanyake.

"Amekwama," mwingine akasema. Mzee Mbuthia alikuwa anachezesha kufuli mkononi, tik, tik.

Hapo ndipo Awiti alipoogopa. Neno "hakuna" lilikuwa limeshafika mdomoni. Magoti yalikuwa yanawaka moto. Lakini alikumbuka Kagiri akimwambia kwamba mabwana wa zamani waliporusha chembe zao kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, karibu zote zilipita kana kwamba hakuna dhahabu, na mtu mvivu angefunga kazi hapo. Moja moja ndizo zilizorudi. Hizo chache ndizo zilizosema ukweli.

"Sijamaliza," alisema. "Nimetafuta kwa kiganja. Sasa natafuta kwa kidole."

Akaanza upya, akisogeza gata upana wa kidole kimoja kila mara, jinsi mtu anavyochambua maharagwe, moja moja, bila kujali foleni. Zikapita. Zikapita. Watu wakaanza kuongea mambo yao. Ya ishirini na sita ikatokea ubavuni. Watu wakageuka kutazama. Awiti akasogeza nusu ya kidole, akaachilia.

Gololi ikasema ti! Ikarudi ilikotoka, ikamgonga gotini.

Akasogeza kidole kimoja zaidi kulia, gololi ikapita. Kisha akahamia upande mwingine wa ubao, akafanya vilevile mpaka ikarudi tena. Mercyline akachora mistari miwili, na palipokutana Awiti akaweka kidole juu ya ubao.

"Kiko hapa. Ni chembamba. Kidole na nusu kushoto, gololi inapita. Kidole kimoja kulia, inapita. Mzee, nilikwambia ukipigilie kitu msumari. Kitu kilichopigiliwa msumari lazima kiuzidi msumari wake. Hiki hakizidi." Akainua uso. "Hukuweka kitu. Umepiga msumari mtupu."

"Umebahatisha."

"Funua."

Mzee hakusogea. Ilibidi Mercyline afunue. Ulikuwa msumari wa inchi tatu, umesimama peke yake katikati ya ubao wote ule, kama mtu aliyeachwa na gari. Watoto walipiga kelele mpaka mabati yakalia.

"Bado wewe si mwalimu," mzee alisema.

"Sikusema mimi ni mwalimu. Nimesema ni msumari. Hao wenye vyeti waite Jumapili baada ya kanisa. Leo ni Jumamosi."

Mzee Mbuthia alitia kufuli mfukoni akaenda zake dukani. Awiti hakumuaga. Ule msumari hajaung'oa mpaka leo. Mbao huzibeba nao hivyo hivyo, na ukimkwaruza huko njiani hutukana kidogo na kuendelea.

Haya, nimeandika, na vidole vimekufa ganzi. Sasa zamu yako. Siku ile watoto waliondoka na gololi kumi na nne mifukoni, na hakuna aliyezirudisha. Usikae hapo kunisifu. Jumamosi njoo Kawangware na gololi, nzima, zisizo na nyufa, kisha upige magoti kwenye ile sementi uviringishe mwenyewe. Na kabla hujafika kwenye kipimo cha kidole, usithubutu kumwambia Awiti kwamba hakuna kitu.