Daftari la Mama Ndanu

Munyiva hasahau neno, na akihofia kulisahau, huliandika. Ni katibu wa chama chetu cha kina mama hapa Mountain View, na mtu akianza kukana ahadi yake, Munyiva hagombani naye. Hufungua daftari tu. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo anavyotuambia, na mimi nimewahi kusomewa maneno yangu mwenyewe mpaka nikaona haya. Siku za kazi husafisha ofisi huko Upper Hill, lakini ukitaka kumjua vizuri, mwone mkutanoni.

Binti yake, Ndanu, ana miaka kumi na yuko gredi ya nne. Ana mtindio wa ubongo. Kwa akili ananishinda mimi, ila miguu haimtii, kwa hivyo hutembea kwa magongo mawili. Darasa lake liko ghorofani. Januari Munyiva alimwendea mwalimu mkuu, Bwana Were, akaomba mtoto awe akibebwa kupanda ngazi, na Haron, mtunza bustani wa shule, akapewa kazi hiyo. Yote yaliandikwa, Bwana Were akatia sahihi. Kwenye chama tulimpigia Munyiva makofi.

Muhula wa pili Bwana Were akamwita tena. Mgongo wa Haron ulikuwa umeharibika, daktari amemkataza kubeba, na sasa shule ilitaka Ndanu ahamie shule maalum ya bweni, mbali na nyumbani. Munyiva akaniomba niende naye kama shahidi.

"Mama Stacy, wewe usiongee," akaniambia. "Kaa tu hapo waone tuko wawili."

Ofisini Bwana Were alianza kwa upole. "Mama Ndanu, huko bweni kuna watu wametrainiwa. Sisi hapa tunajaribu tu."

"Mwalimu, kwanza tusome minutes za last time," Munyiva akasema, akafungua daftari. "Namba nne. Haron asipokuwepo, shule itatafuta mtu mwingine wa kumbeba mtoto. Hii si signature yako?"

Bwana Were akavaa miwani, akaitazama sahihi yake kana kwamba ni ya jirani. Nilijizuia kucheka. Mwishowe akakubali kwamba mlinzi wa mchana atambeba. Ya bweni yakaishia hapo. Tulikuwa tumeshinda.

Lakini chama chetu kina sheria: uamuzi kuhusu mtu husomwa mbele yake. Munyiva akaomba Ndanu aitwe. Kupitia dirishani nilimwona akishushwa ngazi, amebebwa mgongoni na mwalimu wa michezo, uso ameugeuzia ukutani mpaka ngazi zikaisha. Akaingia kwa magongo yake, mamake akamsomea uamuzi kwa furaha.

"Uko sawa na hiyo?"

"Sitaki kubebwa," Ndanu akasema. "Hata na Haron sikutaka. Chai ya asubuhi mimi humwaga kwa sinki. Na maji sinywi mpaka nifike home, ndio nisiombe kushushwa choo."

"Tangu January?" mamake akauliza.

"Ee."

Niliumia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tulikuwa tumepiga makofi.

Munyiva hakulia. Alimgeukia mwalimu mkuu, sauti yake ikiwa ileile ya chama. "Mwalimu, toa hiyo ya kubeba. Class ishuke chini."

"Lakini si ni wewe uliomba abebwe?"

"Ni mimi. Na hiyo pia naandika."

Akaandika huku akisoma kwa sauti: mama aliomba mtoto abebwe, hakumuuliza mtoto. Akatia sahihi, akamsogezea Bwana Were daftari. Mwalimu akaandika chini ya mstari huo kwamba gredi ya nne na ya tatu, iliyo chini, zitabadilishana madarasa Jumatatu asubuhi, naye akatia sahihi bila kuombwa.

Daftari likapitishwa kwa Ndanu akague. Alisoma akifuata kwa kidole, akakwama kwenye mstari wa mamake.

"Mum, hapa ongeza," akasema. "Leo ameuliza."

Munyiva akashika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena. Mwishowe akanisukumia mimi daftari, nami nikamwandikia.