Doa la Sukari kwenye Aproni ya Mwokaji

Dobi wa mtaa ule watu walimwita Bwana Mafua, maana ulikuwa haupiti mwezi bila pua yake kumtia aibu mbele ya wateja. "Usitupigie chafya kwenye mashati, mzee wetu," walimtania, naye akicheka pamoja nao.

Alipokwenda zahanati, daktari hakumpa vidonge. Alimweleza kwamba katika utumbo mpana wanaishi vijidudu rafiki ambao chakula chao ni nyuzinyuzi za pumba za nafaka, maharage, mboga na matunda. Wakishiba, huenda wakausaidia mwili kujilinda na maradhi. "Si dawa, mzee wangu, wala siahidi kwamba mafua yatakoma. Lakini huo mkate mweupe unaokula kila siku upunguze."

Dobi hakutafuta mbali. Mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa mwokaji nyuma ya soko. "Kwako, kaka, nitaoka wa ngano nzima, pumba zake zote humo," aliapa mdogo mtu. Kwa miezi saba dobi alikula mkate wa kahawia asubuhi na jioni, akausifu kwa kila aliyeleta nguo. Hata mjane wa jirani, aliyekuwa akiuguaugua, akauhamia. Mafua hayakubanduka. "Labda vijidudu wangu ni wavivu kama mimi," alisema.

Aproni za mwokaji zilifuliwa na mkewe. Mke aliposafiri, mwokaji alimpelekea kaka yake moja bila kufikiri mara mbili. Dobi alikuwa na desturi: kabla ya kulowesha nguo hukung'uta mifuko na mapindo, kisha hulijaribu kila doa kwa tone la maji moto. Akakung'uta. Ukaanguka unga mweupe mtupu, bila hata chembe ya pumba. Doa la kahawia kifuani likayeyuka, likanata kidoleni. Akalionja. Sukari iliyounguzwa.

Aliirudisha kwa mdogo wake ikiwa vivyo hivyo, haijafuliwa.

"Pumba zi wapi?"

Mwokaji aliitazama aproni, akacheka kidogo. "Kaka nawe! Pumba huufanya mkate mzito, hauumuki. Nilikutilia rangi tu, roho yako itulie. Si ulikuwa ukiupenda?"

"Niliupenda kwa kuwa umeuoka wewe."

"Basi yaishe. Kesho nitakuokea wa kweli."

"Na yule mjane niliyemleta kwako kwa kinywa changu?"

Mwokaji akageukia tanuri.

Katika miaka thelathini na miwili ya kazi dobi hakuwahi kumrudishia mtu nguo chafu. Siku hiyo aliikunja aproni mikunjo minne iliyo sawa, doa likiwa juu, akaiweka mbele ya safu ya mikate ya kahawia.

Njiani alinunua maharage, fungu lake na fungu la mjane. Mlangoni kwa mjane alisimama kitambo, akipangusa pua, akitafuta namna ya kusema kwamba aliyewadanganya ni mtoto aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe.