Kigoda cha Mlangoni mwa Pango

Usiku ule nililala nikiwa sina shaka na jambo lolote. Kofia ngumu za watoto nilikuwa nimezipanga ukutani, tochi nimezijaribu moja baada ya nyingine, kamba nimeipapasa kwa vidole kutoka ncha hadi ncha. Kukicha ningempeleka mpwa wangu Zuhura na wenzake kwenye pango lililo nyuma ya mashamba ya mkonge, iwe safari yao ya kwanza chini ya ardhi.

Mimi ni fundi cherehani. Mapango ni burudani yangu ya siku za mapumziko, na nimejifunza kwa kusoma vitabu vikuukuu na kwa kwenda taratibu. Mwenzangu alikuwa Kombo kinyozi, aliyefariki masika yaliyopita. Namwita mwenzangu ingawa hakuwahi kuingia pangoni hata mara moja. Aliogopa. Alikuwa akiketi mlangoni juu ya kigoda chake, redio pajani, chupa ya chai miguuni, hadi nitoke. Nilipomtania alinijibu, "Fundi, mimi shimoni nitaingia siku moja tu, tena nitabebwa. Mazoezi ya nini?"

Katika ndoto tulikuwa tumeshafika. Watoto walisimama mbele yangu, kofia zimewafunika hadi kwenye nyusi, nami nikawaeleza.

"Pango hili limechimbwa na maji. Mvua huzama kwenye jiwe la chokaa na kulila kidogo kidogo, miaka na miaka. Yale mawe yanayoning'inia juu yamejengwa tone kwa tone, kwa hiyo hatuyashiki. Popo wamelala, kwa hiyo hatupigi kelele. Kila mtu ana tochi yake, na nyingine ya akiba."

"Na ya akiba ikizimika, Mjomba?" Zuhura aliuliza.

"Unakaa chini palepale. Hutembei gizani. Unangoja."

"Namngoja nani?"

Nilifungua kinywa nimjibu, na hapo nikamwona Kombo.

Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha pango, amevaa koti lake jeupe la kinyozi. Nilijua kwamba amekufa. Mikono yangu ilikuwa miongoni mwa iliyomteremsha kaburini. Hilo halikunitisha. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba hakuwa na redio wala chai, na kigoda kilikuwa nyuma yake, kitupu.

"Karibuni," alisema, akageuka, akaingia.

Watoto wakamfuata mbio. Nikamshika Zuhura mkono. "Usimkaribie sana yule."

"Mbona, Mjomba? Si Mzee Kombo huyu, aliyemnyoa mwenzetu Idi akamwacha kichwa kama nazi?"

"Sura ni yake," nikamwambia. "Mengine sijui."

Tukaingia. Naanza kumchunguza kama ninavyochunguza cherehani iliyoletwa na mtu nisiyemfahamu. Hana tochi, lakini anakanyaga pasipo kusita. Mahali ninapoinama mimi, yeye anapita wima. Tope limetufika sote magotini, ila viatu vyake vinang'aa kama vya sikukuu. Kombo niliyemjua alikuwa akitokwa na jasho kwa kuchungulia tu.

"Kombo," namwita, "tangu lini unaingia mapangoni?"

Hageuki. Ananyanyua mkono, anawaashiria watoto wasogee. Wanasogea.

Kisha hatuko tena kwenye njia ile nyembamba. Tuko kwenye kibanda chake cha kunyolea, ndani ya jiwe: benchi lile lile, shuka lile lile la kuwafunika wateja, kioo kikubwa kilichopasuka pembeni. Watoto wameketi kwenye benchi wakingoja zamu. Natazama kioo nione uso wa Kombo, maana nimewahi kusikia watu wakisema kioo hakidanganyi. Uso wake haumo. Ninachokiona ni mlango wa pango, mbali, mdogo kama tundu la kifungo, na kigoda juani. Hakuna aliyekikalia.

Tochi ya Idi inazimika. Anatoa ya akiba, nayo inazimika. Anakaa chini palepale, kama nilivyomfundisha. Ya mwingine inafuata, kisha nyingine. Hakuna anayelia. Wote wamekaa sakafuni, wametulia, wanangoja kwa adabu.

Namshika Kombo koti. "Wewe si Kombo! Unawatakia nini watoto hawa?"

Ananitazama kwa makini, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akimtazama mteja asiyejua mtindo anaoutaka. Naona kwamba na yeye ananishuku.

"Mimi leo niko ndani, Fundi," anasema. "Nje umemweka nani?"

Tochi ya Zuhura ikazimika.

Nilizinduka nimeukumbatia mto. Mke wangu alikuwa akinitikisa. "Baba Salimu! Unapiga kelele."

"Kesho mlangoni anakaa nani?" nilimuuliza.

"Wapi, pangoni? Kombo, nani mwingine?" alijibu kwa sauti ya usingizi.

Kisha akakumbuka. Nikasikia kitanda kikilia alipoinuka kuketi.

Nilikuwa nimekagua kila kitu kinachoshikika kwa mkono. Mtu wa kukaa nje, anayejua tumeingia wangapi na tunatakiwa kutoka saa ngapi, wa kukimbilia kijijini tukichelewa, sikumfikiria kabisa. Miaka yote alikuwa yupo tu.

"Kigoda chake bado kiko kwa mjane wake?" mke wangu aliuliza. Huyu ndiye aliyekuwa akisema mapango yangu ni wazimu wa mtu mwenye muda wa kuchezea.

"Kiko."

"Nitakipitia asubuhi. Sasa nieleze vizuri. Mkichelewa nimwite nani, na nimwambie nini?"

Nikawasha taa, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.

"Lakini ndani siingii," alinikatiza.

"Huingii," nikamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe."