Niliitika Mara Mbili

Hii niliiona kwa macho yangu, na sikuwa nimelala wala kuonja kitu. Nimeiandika kwa daftari mara tatu, nikaifuta mara mbili, kwa sababu hata mimi najishuku. Lakini ilitendeka. Soma, halafu uamue mwenyewe.

Watoto wa siku hizi ukiwaambia lile bwawa hapo chini ya Kibera lilikuwa na maji ya kubeba boti, wanacheka. Boti kwa nyasi? Lakini sisi tuliozaliwa Kianda, humo humo Kibera, tuliliona. Baba alikuwa akisafisha boti za matanga za matajiri. Likizo ya Agosti ikifika, wenyewe wakiwa hawako, alitupandisha ile ndogo ya makasia: mimi, ndugu zangu wawili, na Mueni, mtoto wa jirani yetu kutoka Kitui.

Ni likizo gani ingeishinda hiyo? Tulipiga kasia kwa zamu mpaka viganja vikawaka. Tulivua tilapia kwa uzi na pini iliyokunjwa, tukawachoma ng'ambo kando ya matete, tukawala bila chumvi. Mueni hakupenda samaki. Yeye alikuwa wa ndege. Alijua bata maji yupi ana vifaranga, na kila nyoya aliloliokota alilichomeka kwa nywele.

"We Mueni, utaota mabawa utuache!" tulimchokoza.

"Na nyinyi mtaota magamba," akatujibu.

Baba alitoka upande wa ziwa, na kwao watu wakiwa kwa boti hawahesabiwi. Kuhesabu ni kuita mkosi. Kabla ya kusukuma boti alitugeuzia mgongo, akauliza, "Tuko wote?" Kila mtu akaitika kwa sauti yake, "Tuko."

Jioni moja Mueni alikuwa bado nyuma ya matete akitafuta manyoya. Niliitika yangu, halafu nikabana pua nikaitika yake, vile tulivyoitikiana shuleni mwalimu akisoma rejista. Sikutaka agombezwe kwa kuchelewa. Nilidhani yuko njiani anakimbia, na boti iliposukumwa bila yeye niliogopa kusema nimedanganya. Tulipofika katikati ndipo baba aligeuka akaona nafasi yake wazi. Mueni alikuwa ameingia majini kutufuata. Hakujua kuogelea.

Mama yake alisema baba ndiye alimuua kwa kukataa kuhesabu watoto. Baba hakujitetea. Nami nilinyamaza mpaka tukamzika baba.

Siku hizi nashona nguo Kawangware, pale stendi ya matatu za 46. Agosti iliyopita nilienda Kianda kumwona ndugu yangu, nikapitia bwawani. Ilikuwa kama saa kumi na mbili jioni, jua bado liko. Niamini, maji hayakuwepo, ni nyasi tu mpaka ng'ambo. Na juu ya nyasi kulikuwa na boti ndogo, na mwanamume wa kofia ndani yake, amenipa mgongo, kasia mkononi. Sisemi alikuwa baba. Uso sikuuona.

"Tuko wote?" akauliza.

Sauti za watoto zikaitika, moja moja. Ya tatu ilikuwa yangu ya utotoni. Halafu kimya. Yule mtu akangoja. Wewe umewahi kungojwa hivyo?

"Hapana, baba," nikasema. "Mueni bado. Ile siku ni mimi nilimwitikia."

Kasia likaingia kwa nyasi, nikasikia maji. Boti ikageuka polepole, ikarudi kule kwa matete.

Nilipojiangalia, viatu vilikuwa vimelowa. Labda nilikanyaga mtaro, sikatai. Lakini mitaro ya hapa inanuka, na maji haya hayakunuka.

Nilienda na viatu hivyo hivyo kwa Mama Mueni, ambaye bado anaishi Kianda. Alikuwa mlangoni akikata sukuma wiki. Nikamwambia yote. Kisu kikasimama.

"Miaka hii yote," akasema, "nilikuwa nikimpita mzee wako bila kumsalimia."

Hakunifukuza. Lakini pia hakusema amenisamehe, na sitaandika kitu ambacho hakusema.

Tangu hapo, chama chetu cha kuweka akiba kikienda matembezi, mimi ndiye wa mwisho kupanda. Wananicheka, wananiita kondakta. Sijali. Nawe ukiulizwa kama mko wote, itika yako peke yake. Ya mwenzako muachie aitike mwenyewe, hata kama mtangoja mpaka giza.