Binti Yangu Alikosa Mtihani Tukiombea Wasichana Wasome

Nimekosa, na sitaki mnitafutie sababu. Sababu ninazo nyingi, nilizitunga mwenyewe, na zote zinapendeza masikioni.

Ninaishi Rooty Hill, hapa Sydney. Ni Mkongo, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Kanisani wananiita Maman Présidente kwa sababu ninaongoza kundi la akina mama. Cheo hicho kilinipanda kichwani mapema sana.

Wakati wa korona, tulipofungiwa majumbani, shule zilihamia kwenye kompyuta. Binti yangu, nitamwita Aline ingawa si jina lake, alikuwa na miaka kumi na sita. Wadogo zake ni wavulana wawili. Mimi nikiwa kazini, na baba yao akilala baada ya zamu ya usiku ghalani, nani angekaa nao? Aline. Nani angepika? Aline huyohuyo.

Hoja yangu niliiona ya busara kabisa. Aline ana akili, akikosa kipindi atajisomea. Hawa wawili wakikosa hata kimoja watasahau majina yao. Kwa hiyo mwenye akili akaosha vyombo, na wale wasiopenda shule wakapewa kompyuta, kiti kizuri na chai ya maziwa. Walicheza gemu.

Aline alitaka kusomea ufamasia. Mwalimu wake wa kemia alipiga simu mara mbili kuuliza mbona haonekani darasani. Kiingereza changu ni cha kazini, cha kuogesha na kulisha wazee, kwa hiyo Aline ndiye aliyenitafsiria. Mara zote mbili nilimwambia amjibu mwalimu kwamba mtandao wetu ni mbovu. Alijibu hivyo. Nilimfanya mtoto aseme uongo wangu kwa mdomo wake.

Kisha Kabul ikaanguka. Wenye siasa kali wakarudi madarakani, na kwenye televisheni tukaona wasichana wakizuiwa kwenda shule. Nililia, tena si machozi ya maonyesho. Nilipokuwa msichana huko Kongo, wenye bunduki walifika kwetu na shule ikafungwa. Kaka zangu walivushwa ziwa wakaendelea na masomo upande wa pili. Mimi nikabaki kulea wadogo. Miaka yote nimewalaumu wenye bunduki, ingawa aliyechagua nani avushwe alikuwa baba yangu.

Basi nikaitisha maombi ya kuwaombea wasichana wa Afghanistan, kwa video. Niliwaalika akina mama wetu, wazungu wachache wa kanisani, na mgeni wa heshima: mwalimu Mwafghani, mkimbizi anayeishi Mount Druitt, ambaye wadogo zake wa kike walikuwa bado Kabul. Nilipanga iwe Alhamisi saa nne asubuhi, siku ambayo sikuwa na zamu. Mkalimani wangu ni nani? Mnamjua.

"Mum, I can't. Chem exam ni saa hiyohiyo," Aline akaniambia.

"Utaifanya kesho. Bazungu banaelewaka. Leo tuko na bageni."

"Mwalimu alisema ni last chance, Mum."

"Kuya ukae hapa."

Akakaa. Nilikuwa nimevaa kitenge changu kipya na kilemba, nimejipaka poda. Nikaanza kwa sauti ya jukwaani: kuna msichana huko Kabul, leo ameamka akitaka kusoma, lakini wakubwa wake wamemwambia kazi yake iko jikoni.

Aline akatafsiri. Katikati ya Kiingereza chake nikasikia "Rooty Hill".

Nikajiuliza, hii Rooty Hill iko mkoa gani wa Afghanistan? Nikadhani amechanganyikiwa, nikaendelea. Kila niliposema jambo la Kabul, yeye alitaja kifungua kinywa, kuosha, "wadogo zangu", jikoni. Mengi ya maneno hayo nayajua vizuri, ndiyo ninayotumia na wazee kila siku. Lakini wazungu walikuwa wanafuta machozi, na mimi nikaona hotuba imewaingia. Nikaongeza chumvi. Nikasema watu wanaowafanyia watoto wao hivyo waone haya mbele za Mungu!

Sentensi hiyo Aline aliitafsiri bila kubadilisha neno.

Yule mwalimu Mwafghani akasogea karibu na kamera yake. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Aline, kwa Kiingereza cha polepole ambacho hata mimi nilikielewa, mtihani wake ni saa ngapi.

"Now," Aline akajibu.

Kisha akaniambia, kwa Kiingereza hichohicho, "Dada, mwache aende."

Mtihani ulikuwa wa saa moja, na nusu saa ilikuwa bado. Angeweza kuokoa kitu. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba Aline alikuwa amewasimulia habari zake mwenyewe, pamoja na mtihani, uso unaniwaka moto, na kundi langu zima linanitazama. Ningesema "nenda mwanangu", yangeishia hapo. Nikasema, "Tumalize kwanza maombi."

Hapo ndipo penye kosa langu. Vyombo na uongo wa mtandao navitubu pia, lakini hapo nilijua ninachofanya na bado nikakifanya, kwa sababu ya aibu.

Niliomba. Niliomba milango ya shule ifunguke mashariki na magharibi, niliomba wakandamizaji wavunjwe nguvu, na kila nilipotaka kumaliza nilikumbuka kwamba baada ya Amina nitalazimika kumtazama binti yangu, nikarefusha. Aline alitafsiri hadi mwisho. Akina mama wakaitika Amina. Yule mwalimu hakuitika.

Mtihani ulikuwa umefungwa. Mama mmoja akanitumia ujumbe: "Maman Présidente, leo moto uliwaka."

Nilipopiga simu shuleni kuomba arudie mtihani, Aline alikataa kunisaidia, kwa hiyo shule ikatafuta mkalimani, Mkenya fulani. Mwalimu wa kemia akauliza kwa nini mtihani ulikosekana. Nikamwambia mkalimani aseme tulikuwa tunaombea elimu ya wasichana.

"Mama," akasema, "nitafsiri hivyohivyo?"

Alitafsiri. Haikusaidia. Vipindi alivyokosa vilikuwa vingi mno, na nafasi ya mwisho ilikuwa imeshatolewa. Aliondolewa kwenye kemia, na bila kemia, ufamasia ukaishia hapo. Alimaliza shule na alama za kawaida, akahamia kwa dada yangu Quakers Hill. Hanitukani, hanisemi kwa watu. Anakuja Krismasi na keki. Natamani angenipigia kelele.

Wavulana wanaendelea vizuri, asanteni. Mmoja anataka kuwa rubani.

Mama mwenzangu, baba mwenzangu, wewe unayesambaza picha za wasichana wa mbali na kuandika chini yake kwamba inakuuma: sisemi uache. Yule mwalimu alihitaji maombi, na wadogo zake bado wanayahitaji. Lakini kabla hujafumba macho, uliza wa kwako yuko wapi saa hiyo. Kama yuko nyuma yako anasubiri chungu kichemke, sema Amina haraka uinuke ukapike mwenyewe. Mimi nilikuwa na nusu saa nzima ya kufanya hivyo.

Aline sasa anapanga maboksi ghalani, kazi ileile ya baba yake. Mwezi uliopita nilikutana na msimamizi wake sokoni. Alinishika mkono kwa furaha akasema nimelea binti wa mfano, kwa maana tangu aajiriwe hajawahi kukosa kazini hata siku moja.